Msemaji Ndiye Msikilizaji wa Kwanza: Ulimi, Akili na Kinjeketile

Utangulizi

Tunapohakiki tamthiliya hapa chuoni, tukifika kwenye kipengele cha matumizi ya lugha tunayo sentensi yetu moja tuliyoizoea: "Mwandishi ametumia lugha ya mazungumzo ya kila siku inayoeleweka kwa hadhira yake." Tukishaiandika hiyo tunahesabu methali, tunahesabu tashibiha, tunahamia mandhari. Mimi mwenyewe nimeiandika mara nyingi na alama zake nimezipata. Makala haya yanakusudia kuuliza swali ambalo sentensi hiyo inaliruka. Hayo mazungumzo ya kila siku yanatoka wapi? Yaani mtu akifungua kinywa kusema, akilini mwake kunapita nini mpaka sauti itoke? Na kama hatujui, tunapata wapi ujasiri wa kusema mhusika huyu anazungumza kama mtu na yule anazungumza kama kitabu?

Swali hili lilinijia nyumbani, kwa babu yangu. Babu alipata kiharusi. Mguu ulipona kiasi, mkono kiasi, lakini maneno yalianza kumkimbia. Jioni moja alitaka kukaa barazani akaniita: "Tandika ule... ule..." Akanyoosha mkono. "Ule, bwana! Ule wa kukalia." Nikamwambia, "Mkeka, babu?" Akapiga paja kwa furaha: "Ee! Mkeka!" Na kesho yake mkeka ukampotea tena. Lakini asubuhi nikimwamkia, "Shikamoo babu," jibu lilikuja zima, halina ufa hata mmoja: "Marahaba mjukuu wangu, umeamkaje?" Na sala zake alizisali kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kukwama.

Nikaandika mchezo mfupi wenye mzee wa namna hiyo, nikaupeleka kwenye shindano moja. Mswada ulirudi. Kila penye "ule... ule..." palipigwa mstari mwekundu, na pembeni pameandikwa: "Lugha dhaifu. Mhusika aseme Kiswahili fasaha." Sikuandika makala haya ili kulipiza. Aliyepiga mstari ule alifanya walichomfundisha, nasi tunafundishwa hichohicho. Ila jamani, mstari ule ulifuta kitu, na nataka tukitazame.

Mkeka na marahaba

Wanaoshughulikia isimunafsia wamelitazama jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1861, huko Ufaransa, daktari Paul Broca alimpokea mgonjwa aliyeitwa Leborgne, ambaye kwa miaka 21 alikuwa hana neno jingine ila "tan". Watu wakamwita Tan. Alielewa aliyoambiwa, na akikasirika alitoa tusi moja kamili lililonyooka. Alipofariki, Broca aliuchunguza ubongo wake akakuta sehemu ya mbele upande wa kushoto imeharibika. Mwaka 1874 kijana wa Kijerumani wa miaka 26, Carl Wernicke, akaeleza ugonjwa ulio kinyume chake: mtu anamwaga maneno kama maji lakini maana haishikiki, na sehemu iliyoumia iko nyuma zaidi, upande uleule wa kushoto. Kuanzia hapo ikawa vigumu kusema kwamba usemi ni kitu kimoja kinachokaa mahali pamoja.

Tusi la Tan na marahaba ya babu ni ndugu. Ni maneno yaliyokwisha kuungwa zamani, yanatolewa kama yalivyo, hayajengwi upya. Mkeka ni jambo jingine. Ili aseme "tandika ule mkeka" mzee lazima aijenge sentensi hapohapo. Na hapa ndipo napenda msomaji anisikilize vizuri. Babu hakulipata neno "mkeka", lakini alisema "ule". Hakusema "kile", hakusema "lile", hakusema "ile". Angesema "kile" ningeshuku kwamba anafikiria "kitu", kwa sababu kitu kisichojulikana jina tunakiita hivyo. Lakini "ule"? Hiyo "u" ameitoa wapi kama neno lenyewe halijafika?

Jibu ni kwamba neno limefika nusu. Wataalamu wengi wa isimunafsia wanasema akili huliokota neno kwa hatua mbili. Kwanza hulichukua likiwa na maana yake na tabia zake za kisarufi: ni nomino, ni ya ngeli gani. Kisha ndipo hulitafutia sauti zake. Katika hali ya kawaida safari yote hiyo ni fupi mno. Mtu akionyeshwa picha ya kikombe na kuambiwa aitaje, huanza kutamka baada ya yapata sekunde 0.6. Lakini pengo lipo, na mtu anaweza kukwama katikati yake. Mwaka 1995 wataalamu waliandika habari za mgonjwa Mwitalia aliyekuwa akishindwa kupata majina ya vitu, lakini akiulizwa kama nomino hiyo aliyoikosa ni ya kike au ya kiume katika sarufi ya Kiitalia, anajibu sawasawa. Mwaka 1997 wengine wakaonyesha kwamba hata Waitalia wazima, neno likiwakwama ulimini, mara nyingi jinsi yake ya kisarufi wanaijua.

Sisi tusihangaike na Italia. Kila jikoni ushahidi upo. "Hebu nipe ule... nanii... ule wa kusongea ugali... mwiko!" "Umeliona lile... nanii... lile la kulimia?" Kwenye "ule" na "lile" akili imekwisha kuchagua. Sauti ndiyo imechelewa njiani. "Nanii" ile tunayoicheka ni mlango ulioachwa wazi ili neno likifika lipite.

Karakana ya usemi

Mwanasaikolojia wa Uholanzi, Willem Levelt, alikusanya mambo haya katika kitabu chake cha mwaka 1989. Kwa ufupi anaeleza kazi tatu. Ya kwanza ni kuandaa ujumbe: nataka kusema nini, kwa nani, kwa nia gani. Ya pili ni kuupa ujumbe huo maneno, sarufi na sauti. Ya tatu ni kuviamuru mapafu, koo, ulimi na midomo. Kazi hizi hazisubiriani kama watu kwenye foleni. Wakati ulimi unatamka mwanzo wa sentensi, karakana ya nyuma bado inachonga mwisho wake. Ndiyo maana mtu anaanza kusema kabla hajajua atamaliza vipi, na mara nyingi anamaliza salama.

Kwa msemaji wa Kiswahili kazi ya pili ina mzigo wake. Kitenzi chetu kinaanza na viambishi. Nikitaka kusema "nimekiona kitabu chako", ile "ki" ya kati inatangulia kitabu chenyewe. Akili imepiga hesabu ya neno ambalo ulimi bado haujalifikia. Na hesabu ikienda mrama tunasikia: "Nimei... nimekiona kitabu chako." Kuna mtu hajawahi kusema hivyo? Labda alikuwa anaelekea kwenye "barua" au "kalamu", katikati akageuza nia, kiambishi cha kwanza kikabaki kimening'inia kama mtu aliyeshuka basi lingine.

Mitelezo ya ulimi nayo ni shahidi. Wahakiki tumempenda Freud kupita kiasi. Tangu kitabu chake cha mwaka 1901 tumezoea kwamba ulimi ukiteleza kuna siri ya moyoni imechungulia. Mara nyingine ni kweli. Lakini Victoria Fromkin, katika makala yake ya mwaka 1971, aliitazama mitelezo kwa jicho jingine: akauliza inavunjika wapi na haivunjiki wapi. Akaona inafuata mipaka ya sarufi. Mfano wetu wa nyumbani ni huu. Dada yangu alitaka kusema "weka kisu mezani". Akasema, "Weka meza kisuni." Tulicheka mpaka chakula kikapoa. Lakini tazama. Kisu na meza vimebadilishana viti, ile "-ni" ya mahali imebaki kwenye kiti chake. Na mkazo umetii sheria: tunasema KIsu, lakini yeye alisema kiSUni, silabi ya pili kutoka mwisho, kama inavyotakiwa. Maana yake ni kwamba kiunzi cha sentensi kilikuwa kimesimama na nafasi zake kabla nomino hazijaingia, na mkazo ulipigwa baada ya nomino kukosea kiti. Dada hakuwa na siri yoyote na kisu.

Halafu kuna sikio. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote niliyoyataja. Msemaji anajisikia. Anajisikia kwa nje, sauti yake ikimrudia masikioni, na anajisikia kwa ndani kabla hajatamka. Levelt anasema kwamba kwa kujisikia huko ndiko tunakamata makosa na kujisahihisha, na mara nyingi tunayakamata kabla hayajatoka. Dada yangu alijikamata papo hapo: "Weka meza ki... hee! Kisu mezani!" Kwa hiyo katika kila mazungumzo ya watu wawili kuna wasikilizaji wawili, na wa kwanza ni yule anayesema.

Sasa narudi kwenye uhakiki. Nathubutu kusema kwamba kipimo cha mazungumzo mazuri jukwaani ni hiki: je, mhusika anajisikia? Mhusika ambaye maneno yake yanatoka mazima kila mara, asiyeshtuka kwa alilolisema, asiyelitafuta neno, anamsomea mtu barua tu, hata kama barua yenyewe ina misimu ya mitaani. Na mhusika anayejisikia anaweza kusema Kiswahili fasaha kabisa na bado tukamwamini.

Kinjeketile anajisikia

Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilitoka mwaka 1969. Sote tumeisoma, wengine tangu sekondari. Tunaijua kwa dhamira zake: umoja, ukombozi, imani na silaha, Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 dhidi ya Wajerumani. Kuhusu lugha tumezoea kutaja lafudhi ya wakulima wake na kwenda mbele. Mimi naomba tumsikilize Kinjeketile anavyosema.

Anatoka majini akiwa amepagawa na Hongo. Watu wamekusanyika. Maneno yanatoka: habari ya umoja, habari ya maji, habari ya ushindi. Usemi huu ni wa namna ya marahaba ya babu. Unakuja mzima. Hatumwoni akitafuta neno, kwa sababu kwa imani ya mchezo huu si yeye anayetafuta. Karakana imekodishwa kwa mwingine, yeye ametoa ulimi tu. Halafu katikati ya maneno ya ushindi linatoka jina la Seyyid Said. Watakuwa chini ya Seyyid Said. Hapo nabii anakwama. Anasimama. Analisikia jina lililotoka kinywani mwake.

Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, alikufa mwaka 1856, lakini jina lake kwa watu wa bara lilibaki jina la utawala mwingine wa kutoka nje. Kwa hiyo tamko lilelile linaahidi kumtoa Mjerumani na kuahidi bwana mwingine. Wahakiki wengi tumeliona hili kama mgongano wa maudhui: je, imani inaweza kuleta uhuru? Sawa. Lakini ni mgongano unaotokea ndani ya kinywa cha mtu, mbele ya watu, wakati sentensi bado haijapoa. Ni sikio la msemaji limeamka.

Na limeamka limechelewa. Hapa ndipo tanzia ilipo, kwa maoni yangu. Mtu wa kawaida akisema "nimei..." anajishika baada ya silabi moja, anasema "nimekiona", mazungumzo yanaendelea, hakuna aliyeumia. Sisi sote tunaishi kwa huruma hiyo. Tunaruhusiana kujisahihisha. Kinjeketile anajisikia wakati umati nao umekwisha kusikia, na umati umechukua nusu iliyoupendeza. Wao wamesikia maji. Yeye amesikia Seyyid Said. Kuanzia hapo kila anapojaribu kurekebisha, anapowaambia wangoje, wasiende vitani bado, marekebisho yake yanasikika kama woga, na mwisho kama usaliti. Neno limekuwa la wasikilizaji. Sahihisho ambalo ni haki ya kila anayezungumza barazani limekuwa dhambi kwa aliyezungumza kama nabii.

Ndiyo maana baada ya tukio hilo usemi wake unabadilika. Yule aliyemwaga maneno sasa ana mashaka, anahoji, anarudi kwenye alilolisema na kulipima upya. Ukimsoma kwa macho ya mstari mwekundu utasema ameishiwa nguvu za lugha. Mimi nasema sasa ndiyo anazungumza. Sasa karakana ni yake.

Mwisho tunamkuta mikononi mwa Wajerumani. Wanamtaka aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Wengine hulichukua jibu hili kama ushujaa, wengine kama ukaidi, maana yeye mwenyewe alikwisha kuwa na mashaka na maji yale. Kwa kipimo cha makala haya ni kitu kingine. Safari ya kwanza sikio lilikuja baada ya ulimi. Safari hii sikio limetangulia. Analipima neno kabla halijatoka, anapima litakavyosikika kwa watoto na wajukuu wa waliokufa, kisha analizuia. Hilo ni tendo la usemi lililo kamili kuliko yote katika mchezo: amejisikia kwa ndani, akajisahihisha kabla ya sauti. Ni masahihisho pekee ambayo hayakuchelewa.

Pingamizi mbili

Najua nitaulizwa. Hussein aliandika mwaka 1969, Fromkin akachapisha 1971, Levelt 1989. Je, namvisha mwandishi nguo ambayo ilikuwa haijashonwa? Sidhani. Mwandishi hakuhitaji kitabu cha Levelt kujua kwamba mtu hushtuka kwa neno lake mwenyewe. Alihitaji sikio, nalo alikuwa nalo. Isimunafsia inatusaidia sisi wahakiki, ambao tukiona mhusika ameganda katikati ya tamko tunaandika "taharuki" tukageuza ukurasa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Je, nataka wahusika wetu wote waseme "eee", "nanii", "yaani" kutoka pazia hadi pazia? Hapana jamani. Rekodi mazungumzo ya dakika tano kwenye foleni ya chakula, uyaandike yote, uone kama kuna mtu atayasoma. Jukwaa huchagua. Isitoshe, kuna mahali ambapo usemi uliokamilika ndio wa kweli. Karama wa Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert cha mwaka 1951, anazungumza mahakamani siku baada ya siku kwa sentensi zilizosimama kama nguzo, na ni haki yake. Yuko kizimbani, shingo yake iko kwenye maneno yake, amekwisha kuyapanga kichwani kabla hajafungua kinywa. Hotuba ni usemi uliofanyiwa kazi mapema. Kosa ni kumpa mama anayegombana na mwanawe jikoni hotuba ya Karama, kisha tukaandika kwamba mwandishi ametumia lugha ya mazungumzo ya kila siku.

Kwa hiyo kukwama jukwaani lazima kuwe na kazi. "Nanii" ya kujaza nafasi tu ifutwe, nitashika kalamu nyekundu mwenyewe. Lakini ile inayotuonyesha mtu ameshika ngeli ya neno na neno lenyewe limemponyoka, au inayotuonyesha amejisikia na kuogopa, hiyo ni ya thamani kuliko methali kumi.

Hitimisho

Tumejifunza kuhakiki usemi kwa kuutazama ukiwa umekwisha kukauka kwenye karatasi. Matokeo yake tunasifu usafi na kulaumu mashimo. Nilichojaribu kuonyesha ni kwamba mashimo hayo ndimo akili inamoonekana ikifanya kazi: kwenye kiambishi kilichotangulia nomino yake, kwenye "-ni" iliyobaki kitini, kwenye "ule" uliokuja bila mkeka. Mhakiki anayeyafuta kwa jina la ufasaha anamfuta mtu aliyekuwa anasema.

Lina athari hata nje ya fasihi. Mwanafunzi akisimama semina akasema, "Nadhani... hapana, nilikuwa nataka kusema hivi...", sisi humcheka, na wengine wetu tumeamua kukaa kimya kwa sababu hiyo. Ila huyo ni mtu aliyejisikiliza akaona hajasema sawasawa. Wa kuogopwa ni yule ambaye hajisikii kabisa, na mbele yake kuna umati.

Babu hakupona vizuri. Majina ya vitu yaliendelea kupungua, mpaka tukawa tunaishi naye kwa "ule" na "lile" na "zile". Tulimwelewa. Ngeli zilikuwa zinatuongoza. Siku moja alisema "wale" akitazama barabara, tukajua anawauliza wajukuu waliokuwa shuleni. Nimeurudisha mstari huo kwenye mchezo wangu, pamoja na "ule... ule..." zote zilizofutwa. Atakayeupokea safari hii, namwomba kabla hajafungua kalamu auseme kwa sauti, ajisikilize.